Kitufe cha Pole

Hapo zamani za kale, yaani mwezi wa tatu mwaka huu, palikuwa na nchi ambayo jina lake tumeombwa tusilitaje, nasi ni watiifu. Ilikuwa nchi nzuri. Ilikuwa na bendera, wimbo na mchezo wa kompyuta.

Huo mchezo usiudharau. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imejenga barabara kwa mawe na lami kwa miaka arobaini, ikaona lami inachimbika, mawe yanaibwa, na wananchi bado hawaridhiki. Ndipo wataalamu wakashauri kwamba maendeleo yajengwe mahali ambapo mvua hainyeshi. Ukabuniwa mchezo, ukaitwa Ustawi, na kila raia akapewa kishikwambi na mhusika mmoja wa kuzunguka naye humo ndani. Kijiji kisichokuwa na zahanati kilijengewa zahanati ndani ya Ustawi, ya ghorofa tatu, yenye bustani ya maua. Watu wakaingia. Mwenye njaa hata harufu ya pilau ya jirani huifuata.

Ndani ya Ustawi mlikuwa na matabaka matatu. Wapiganaji waliua mazimwi. Wachimbaji walichimba vito. Na Wapozaji, ambao hawakuua wala hawakuchimba, walitembea nyuma ya wenzao wakiwa na kitufe kimoja tu, kidogo, cha duara, kwenye kona ya chini kushoto ya skrini. Kiliandikwa: Pole. Mchezaji akijeruhiwa, mstari wake wa uhai uligeuka kutoka kijani kuwa njano, kisha mwekundu, kisha yeye mwenyewe akaanguka. Mpozaji akifika na kubonyeza Pole, aliyeanguka aliinuka, na juu ya kichwa chake yakajitokeza maneno: Nimeshapoa. Hayo hayakubonyezwa na mtu. Yalikuja yenyewe, kama yanavyokuja mdomoni. Inaonekana kijana aliyeutunga mchezo ule alilelewa na bibi yake.

*

Mwanamize binti Faki alikuwa karani wa Wizara ya Mchezo, Kitengo cha Kupokea Maoni. Alikuwa na haya kiasi kwamba alipogonga mlango aliomba moyoni asiwepo mtu ndani. Chuoni alifaulu vizuri, kwa kuwa mitihani hujibiwa kimya kimya. Kazi yake ilikuwa kusoma waliyoyasema wachezaji na kuyajumlisha, na kwa kuwa aliwahurumia watu hata pale walipokosea tahajia, aliyasoma yote.

Aliishi na baba yake. Mzee Faki alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na miwili: ba, be, bi, bo, bu. Kisha kiharusi kikaja, kikamchukulia miguu, mkono wa kulia na maneno yote, kikamwachia akili timamu na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto.

Kwa kidole hicho Mzee Faki alikuwa Mpozaji. Mchezoni aliitwa Taratibu, na Pole yake ilichukua dakika nne kufika, maana kidole kilianza safari kwenye goti, kikapanda ukingo wa kishikwambi, kikapumzika, kikavuka skrini nzima mpaka kona ya chini kushoto. Wapozaji wengine walibonyeza mara moja wakapita. Lakini walikuwapo watu waliolala chini wamejeruhiwa, mstari wao mwekundu kabisa, wakakataa kuinuliwa na yeyote.

"Inuka, nikupoze," mmoja aliandikiwa.

"Niache. Nangoja ya Taratibu."

"Utakufa ukingoja."

"Pole ya Taratibu inatoka kwa mtu. Yako inatoka kwenye kidole."

Mwanamize alimsomea baba yake maneno hayo mara tatu, na upande mmoja wa mdomo wa mzee, ule uliobaki hai, ukapanda.

*

Siku moja Waziri wa Mchezo, Mheshimiwa Dokta Kirungu, alilihutubia taifa. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya samli, na nyuma yake ulitundikwa mchoro wa takwimu.

"Ndugu wananchi," alisema, "mwaka jana peke yake neno 'pole' limebonyezwa mara milioni mia tisa. Nilipoletewa hesabu hii sikulala. Nikajiuliza, pole ya nini? Nani kaumia? Katika nchi yenye amani, utulivu na mtandao wa kasi, pole milioni mia tisa ni uchochezi. Majirani zetu wanatusoma. Wawekezaji wanatusoma. Ukimwambia mtu pole, unamtangazia kwamba limemkuta jambo. Na sisi, ndugu zangu, hatujakutwa na jambo."

Hapo makofi yakapigwa na waliokuwa na kazi hiyo.

Maboresho yakatangazwa. Tabaka la Wapozaji likafutwa, na waliokuwemo wakageuzwa kuwa Wahamasishaji. Kitufe cha Pole kikaondolewa, na mahali pale pale, kona ya chini kushoto, kikawekwa kitufe kikubwa chekundu kilichoandikwa Hongera, ambacho hakikumwinua mtu bali kilipiga ngoma na kurusha karatasi za rangi. Mstari wa uhai ukaamriwa uwe kijani wakati wote, kwa kuwa uwekundu uliwavunja watu moyo. Ukawa wewe unaliwa na zimwi mpaka kiunoni huku skrini inakuarifu kuwa u buheri wa afya. Nafasi ya kuandikiana ikafungwa. Kitufe cha Toka kikahamishiwa ndani ya Uzalendo, chini ya Wajibu, chini ya Mengineyo. Na kwa kuwa serikali ilipenda kusikia maoni, ukaongezwa ukurasa wa maoni wenye nyuso tatu za kuchagua: inayotabasamu, inayocheka, na inayocheka mpaka machozi.

Watumishi wa umma waliletewa waraka wao peke yao. Neno pole lisisikike ofisini wala hadharani. Mtu mpole aitwe mtu hongera. Neno polepole liliachwa, kwa sababu za usalama barabarani.

*

Nyumba ya tatu kutoka kwa Mzee Faki aliishi Mwatime, mwanamke mcheshi aliyekuwa Mchimbaji yeye na mumewe, Shaame. Siku ya tatu baada ya maboresho, Shaame alifariki. Sisemi mchezoni. Alifariki kwenye kiti, mkononi ana kikombe cha chai.

Wachezaji walikuwa na desturi yao ambayo serikali haikuitunga. Mtu akifa kwelikweli, mjane wake huingia Ustawi akasimama karibu na kisima, na wanaomjua humpitia mmoja mmoja, kila mtu na Pole yake. Mwatime akaingia, akasimama. Mstari wake ulikuwa kijani kibichi kama mchicha. Watu wakaja kwa mamia, na vidole vyao, kwa mazoea ya miaka, vikaenda kona ya chini kushoto kabla macho hayajasoma.

Ngoma ikalia. Karatasi zikaruka. HONGERA MWATIME, ikaandika skrini, na tena, na tena. Waliogundua walitaka kukimbia, lakini waliokuwa nyuma walikuwa bado wanakuja, na kitufe cha kufuta hakikuwapo.

Mwanamize alikuwa amekaa kando ya kitanda cha baba yake. Alikiona kidole kikiondoka kwenye goti. Kikapanda ukingo. Kikapumzika. Kikafika katikati ya skrini, na hapo Mzee Faki akasoma kilichoandikwa kule kinakokwenda. Kidole kikasimama. Halafu kikarudi njia nzima kilikotoka, na mzee akageuzia uso wake ukutani.

Kesho yake Mwatime alikuja kuazima mwiko, macho yamevimba.

"Nimehongerwa mara mia mbili na kumi na moja, mdogo wangu," alisema. "Ilipofika mia na hamsini nikaanza kujiuliza kama si mimi niliyemuua."

Mwanamize alifungua mdomo ajibu. Neno lilikuwapo, tayari ulimini. Kisha akakumbuka kuwa yeye ni mtumishi wa umma na dirisha liko wazi, akamshika tu Mwatime mkono. Mwiko ulipoondoka, alikwenda uani akatema mate, mara mbili, kama mtu aliyeng'ata kunguni kwenye tende.

*

Nyuso tatu zilipokosa kuwatosha, wachezaji walianza kuandika barua kwa kalamu. Magunia yalijaa Kitengo cha Kupokea Maoni, na mkuu wake, Bwana Machano, mtu mnene mwenye roho nzuri na woga mzuri zaidi, alilazimika kuingia ofisini kwa ubavu.

"Soma, binti," alimwambia Mwanamize, akichovya andazi kwenye chai. "Wamependa kitu gani zaidi?"

Mwanamize akasoma kwa sauti yake ndogo. "'Jana zimwi limenila nusu, mke wangu akanipigia ngoma.'"

"Huyo kapenda ngoma."

"'Nimekufa mara saba nikiwa kijani.'"

"Rangi imemwingia. Endelea."

"'Mnatia kinyaa.' Na hii pia, 'kinyaa.' Na hii. Bwana Machano, gunia hili lote ni kinyaa."

Bwana Machano aliweka andazi chini. "Kinyaa ni hisia ya tumbo, mwanangu. Gunia hilo lipeleke Wizara ya Afya."

Fomu ya majumuisho ilikuwa na safu tatu: Waliofurahi, Waliofurahi Sana, na Waliofurahi Hadi Wakakosa Maneno. Safu ya kwanza waliwekwa waliobonyeza uso wowote. Ya pili, waliobonyeza Hongera. Ya tatu waliwekwa wale ambao tangu siku ya maboresho hawakubonyeza kitu chochote. Hao walikuwa milioni sita, na Wizara ilijivunia sana.

Mwanamize alipitisha kidole kwenye orodha ya safu ya tatu, kwa kuwa alipitisha kidole kwenye kila orodha. Jina la kwanza kabisa, kinara wa waliofurahi, lilikuwa la mchezaji ambaye kishikwambi chake kilikuwa hewani saa zote na hakijabonyezwa hata mara moja: Faki, mwalimu mstaafu. Taratibu.

Alilisoma tena, herufi kwa herufi. Baba yake, aliyekosa maneno.

Bwana Machano alichungulia juu ya bega lake. "Huyu si mzee wako? Basi kashinda, binti. Tuzo ya Raia wa Furaha. Waziri mwenyewe anakuja kwenu Alhamisi, na kamera, na nchi nzima inatazama. Atabonyeza Hongera mara moja, kwa niaba ya taifa."

"Baba hataki kubonyeza."

"Atataka. Ni mbele ya Waziri."

*

Nyumba ya Mzee Faki ilikuwa na kizingiti kirefu cha mninga, cha ufundi wa zamani. Kila mgeni aliyekuja aliambiwa, "Inua mguu," hata kabla ya karibu. Lakini Alhamisi ile asubuhi alitangulia ofisa wa itifaki, akampanga Mwanamize pembeni ya mlango na kumwelekeza kwamba Waziri hasemeshwi mpaka aseme yeye kwanza. Kwa hiyo Mwanamize alisimama ameuma mdomo, akaitazama suti ya rangi ya samli ikishuka kwenye gari, ikipungia mkono majirani, ikijongea mlangoni huku imeigeukia kamera na kutabasamu.

Mguu wa Waziri haukuinuka.

Alianguka kama gunia la nazi. Kofia yake ikabingirika mpaka chini ya kitanda, na goti lake likapiga sakafu kwa mlio ambao Mwatime, nyumba ya tatu, aliusikia.

Wasaidizi kumi na wawili walitazamana. Kila mmoja alikuwa na neno lile lile kooni, na kila mmoja aliukumbuka waraka. Kamera ilikuwa inarusha moja kwa moja nchi nzima.

"Hongera, Mheshimiwa," akasema Katibu Mkuu hatimaye.

"Hongera sana," wakaitikia wengine kwa afueni, na mwenye ngoma akapiga ngoma.

Waziri alikuwa sakafuni, amekumbatia goti kwa mikono miwili. Uso wake haukuwa tena wa kwenye mabango. Ulikuwa uso wa mtoto aliyeanguka shuleni na kuzungukwa na wanaomcheka.

Mwanamize hakuamua. Aulizwe popote, atasema hivyo. Mdomo ulikwenda wenyewe.

"Pole, mzee wangu," alisema. "Pole sana."

Na Waziri, ambaye naye inaelekea aliwahi kuwa na bibi, akainua macho akamjibu, "Ahsante, mwanangu. Nimeshapoa."

Ngoma ikakatika. Kwa muda mfupi, tuseme wa kuhesabu mpaka tano, nchi nzima ilikuwa na Waziri. Kisha akasikia alichokisema. Akasimama, akafuta midomo kwa leso kama mtu aliyeonja kitu kibovu, akachechemea mpaka kitandani.

"Haya, Mzee," alisema kwa sauti ya mabango. "Taifa linakungoja." Akamwekea kishikwambi mapajani.

Mzee Faki akakitazama. Akamtazama Waziri, na goti la Waziri. Kidole kilikaa gotini, hakikwenda popote. Ikapita dakika moja, ikapita ya pili, na kamera bado inarusha. Ofisa wa itifaki akakohoa.

Ndipo Waziri akainama, akakishika kile kidole kwa vidole vyake viwili, kama mtu anavyoshika mkia wa panya, akakiburuta mpaka kona ya chini kushoto, akakikandamiza.

HONGERA MHESHIMIWA, ikaandika skrini. Karatasi zikaruka. Mzee Faki alifumba macho. Baada ya wageni kuondoka, Mwanamize alileta beseni na sabuni, akakiosha kidole cha baba yake, akakisuuza, akakiosha tena.

*

Wizara ilitoa ufafanuzi jioni ile ile. Mheshimiwa hakuanguka; alishuka kwa kasi kuwafikia wananchi wa chini. Wala hakusema "nimeshapoa". Alisema "nimeshapaa", akimaanisha kupaa kwa uchumi. Waliosikia vingine wasafishe masikio.

Likabaki tatizo la yule karani. Siku ya pili Bwana Machano alimwita, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza hakuwa na andazi.

"Binti, nimekuhangaikia," alisema. "Hii hapa fomu. Inasema wewe hukusema pole. Ulisema polepole, yaani ulikuwa unamwonya Mheshimiwa juu ya kizingiti. Polepole inaruhusiwa. Saini tu. Ni herufi nne zimeongezeka."

Mwanamize aliisoma fomu, kalamu hakuigusa.

"Na si bure. Ukisaini, mzee wako anarudishiwa kitufe chake, yeye peke yake nchi nzima, kwa kibali maalumu. Sikiliza, mwanangu. Watu watapozwa tena. Usiposaini, kuna barua nyingine mezani kwangu. Nimeisoma. Inaanza na 'Hongera'."

"Naomba nikamsomee baba."

"Msomee. Ila kesho saa mbili niwe nayo."

Alirudi nyumbani, akakaa kando ya kitanda, akaisoma fomu yote mpaka mwisho, pamoja na kibali. Hakuongeza neno. Lilikuwa jambo la baba yake. Sauti yake yote iliyobaki duniani ilikuwa katika kitufe kile, na sasa wanakirudisha, kwa bei ya herufi nne. Kama mzee angetaka, yeye angesaini na kunyamaza. Akamwekea karatasi mapajani. Kule kabatini, kishikwambi kilichokuwa kimelazwa kifudifudi kilitetemeka kuwaarifu wenye nyumba kwamba wamefurahi hadi wamekosa maneno.

Kidole kiliondoka kwenye goti. Kikapanda ukingo wa karatasi. Kikapumzika. Kikavuka mistari ya juu, ya itifaki na vifungu, mpaka kwenye mstari uliosema: Nilichotamka ni neno "polepole". Hapo mwalimu wa darasa la kwanza aliweka ukucha katikati ya neno, akaanza kukwaruza. Alikwaruza kutoka katikati kwenda mwisho, na alipofika mwisho akarudi akakwaruza tena, kwa subira, kama alivyowafutia watoto kwa miaka thelathini na miwili silabi walizozizidisha. Karatasi ikachubuka. Likabaki nusu ya kwanza.

Mwanamize aliichukua kalamu nyekundu ya zamani ya baba yake kwenye mtoto wa meza. Akapiga mstari mnyoofu juu ya ile alama ya ukucha, kisha akasaini chini: Nilichotamka ni neno "pole". Mwanamize binti Faki. Mkono haukumtetemeka, ila baada ya kusaini ndipo ukaanza.

Kidole kilikuwa bado kinasafiri. Kiliteremka kwenye karatasi, kikavuka shuka, kikachukua dakika zake nne, kikafika kwenye mkono wa binti yake uliokuwa unatetemeka juu ya godoro. Kikatafuta kona ya chini kushoto, karibu na kidole gumba. Kikabonyeza.

"Nimeshapoa, Baba," akasema Mwanamize.

Hadithi yetu imefika mwisho. Na wewe uliyeisoma yote ukaumia mahali, kwa mujibu wa waraka, hongera.